Hendibreki haishiki na nyuma kuna diski: tafuta chanzo kabla ya kukaza waya

Mji wa Iringa umekaa juu ya kilima na Ipogolo iko chini yake. Mbeya nayo, mitaa mingi inapanda kuelekea mlima Loleza. Kwa hiyo sisi wa nyanda za juu hendibreki mbovu hatuwezi kuificha. Dereva wa tambarare anaweza kuikalia mwaka mzima bila kujua. Huku ukiegesha gari ukashuka kununua mkate, linaanza kukufuata. Wengi wameshazoea kutembea na jiwe kwenye buti, na jiwe ni kitu kizuri, lakini haliwezi kuwa badala ya breki.

Malalamiko yanayoletwa gereji kuhusu hendibreki za magari yenye diski nyuma ni yaleyale kila wiki, na makosa yanayofanywa kuyatibu ni yaleyale pia. Kubwa kuliko yote ni hili: hendibreki ikilegea, mtu anafungua kava karibu na mkono, anakaza nati ya waya, mkono unakuwa mfupi, anaridhika. Miezi michache baadaye anarudi na tairi linalotoa moshi. Waya ni kitu cha mwisho kuguswa. Kazi inaanzia chini, kwenye shuu, vile vipande vya upinde vinavyotanuka na kubana kwa ndani ya tairi.

## Kwanza jua gari lako lina mfumo gani

Diski ya nyuma unayoiona kupitia rimu, ile inayobanwa na pedi, ni ya breki ya mguu. Kwenye Prado, Land Cruiser 100, Harrier, Mark X, Crown, Forester nyingi na X-Trail za zamani, katikati ya diski hiyo kuna sehemu iliyoinuka, na kwa ndani sehemu hiyo ni dramu ndogo, kama kikombe cha chuma. Humo ndimo zinamokaa shuu mbili za hendibreki. Hazina mafuta ya breki wala pistoni. Zinavutwa na waya tu. Ndiyo maana kubadilisha pedi za nyuma hakuongezi nguvu ya hendibreki hata kidogo, na watu wengi wameshanunua pedi mpya kwa tatizo ambalo pedi hazihusiki nalo. Baadhi ya magari hayo, Harrier na Crown kwa mfano, mengi yana pedali ya kukanyaga kwa mguu wa kushoto badala ya mkono, lakini chini mambo ni yaleyale.

Mengine hayana shuu kabisa. Golf na magari mengi ya Ulaya waya unaingia kwenye kalipa yenyewe, kile chuma kinachobeba pedi, na hendibreki inabana pedi zilezile. Defender za zamani dramu ya hendibreki iko nyuma ya transfa (gia boksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma), kwenye propela shafti. Magari mengi mapya yana swichi yenye herufi P na mota ya umeme. Haya usiyafungue nyuma bila mashine ya kuyaweka kwenye hali ya matengenezo, utavunja mota.

Namna ya kujua: lala chini, fuata waya wa hendibreki mpaka mwisho. Ukiishia kwenye kalipa, maelezo haya si ya gari lako. Ukipotelea nyuma ya bati lililoko ndani ya diski, una shuu, na tuendelee.

## Kabla ya kuinua gari

Hii ni kazi inayofanywa hendibreki ikiwa imeachiwa, na gari linapaa nyuma. Fikiria hilo vizuri. Gari linalosukumwa na tairi za nyuma ukiinua tairi zote mbili za nyuma, gia haishikilii chochote, hata P. Prado na Land Cruiser ukiweka transfa kwenye N ili tairi zizunguke, P nayo inakuwa haina kazi. Kinachokuokoa ni kabari au mawe makubwa mbele na nyuma ya tairi zote mbili za mbele, na mahali tambarare kwelikweli. Kama uwanja wa nyumbani una mteremko, peleka gari kwingine. Jeki ni ya kuinulia tu. Gari likishainuka liweke kwenye stendi, na usiingize mguu wala kichwa chini yake kabla hujalisukuma kidogo kuona kama limetulia.

Vumbi la ndani ya dramu usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto, ambayo inaua mapafu taratibu. Lowesha kwa maji yenye sabuni au dawa ya kusafishia breki, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa.

## Mkono unapanda mpaka juu na gari bado linarudi

Magari mengi yanatakiwa kushika kati ya jino la 5 na la 8 unapovuta, yaani mlio wa tano hadi wa nane wa mkono. Kipimo kamili kiko kwenye kitabu cha gari. Ukifika la 10 au 12 ndipo unasikia kitu, au husikii kabisa, chanzo cha kawaida kuliko vyote ni kwamba shuu ziko mbali na dramu. Dramu kubwa za kawaida, zile za magari yasiyo na diski nyuma, nyingi hujirekebisha zenyewe. Hizi ndogo hazijirekebishi. Mtu asipozishika, hakuna anayezishika, na mafundi wengi wakibadilisha pedi wanaziacha zilivyo.

Kurekebisha si kazi ngumu. Achia hendibreki. Nenda kwanza kwenye nati ya waya pale ndani ya gari na uilegeze, ili waya usivute kitu. Toa tairi, kisha rudisha nati mbili za tairi kwenye diski ili ikae sawa. Kwenye uso wa diski kuna tundu lenye kizibo cha mpira. Kitoe, zungusha diski huku ukimulika kwa tochi mpaka uone kijigurudumu chenye meno kama nyota. Kwa baadhi ya magari kiko chini, kwa mengine juu. Hiyo ndiyo adjasta. Kwa bisibisi bapa sukuma jino moja moja mpaka diski igome kuzunguka kabisa. Halafu rudisha nyuma. Toyota wanaelekeza meno 8; Subaru meno 3 au 4. Sasa diski izunguke kwa mkono bila kukwama. Sauti ndogo ya kugusa sehemu moja inavumilika, kukwama hapana. Fanya upande wa pili hivyohivyo.

Hapo sasa ndipo unarudi kwenye nati ya waya. Vuta mkono kwa nguvu mara kadhaa ili kila kitu kikae mahali pake, kisha kaza nati mpaka upate idadi ya meno inayotakiwa. Achia, zungusha tairi. Likizunguka bure, umemaliza.

Kama nyota haizunguki, imeshikwa na kutu na udongo. Usiilazimishe mpaka meno yakatike. Itabidi diski itoke, adjasta ifunguliwe, isafishwe na kupakwa grisi kidogo kwenye nyuzi zake.

Chanzo cha pili ni waya uliotanuka. Hutokea, hasa waya mpya miezi ya mwanzo, lakini kiasi chake ni kidogo. Ukiona nati ya waya imeshafika mwisho wa nyuzi, maana yake kuna mtu alikuwa anatibu shuu kwa kukaza waya. Kufanya hivyo kunaacha mkono mdogo wa ndani ya dramu ukiwa umevutwa muda wote. Shuu hazirudi kwenye egemeo lake, zinakaa upande, na nafasi ya kuvuta inakuwa imeliwa kabla hujagusa kitu.

Cha tatu ni lainingi, ule utando wa kusugulia ulio juu ya shuu, kuisha. Naiweka hapa chini kwa makusudi. Shuu hizi hubana gari likiwa limesimama, kwa hiyo haziliki kama pedi. Zinaisha kwa anayeendesha huku hendibreki haijaachiwa vizuri, au anayeitumia kupunguza mwendo mlimani. Toyota nyingi kikomo ni milimita 1 ya lainingi. Subaru milimita 1.5. Ikifika hapo, badilisha.

Cha mwisho ni waya uliokatika au kile chuma cha kati kinachogawa mvuto kwa nyaya mbili kupinda au kuchomoka. Hili linajulikana haraka: mkono unakuwa mwepesi kabisa, ghafla, siku moja.

## Mkono ni mgumu, meno machache tu, lakini gari linateleza

Dalili hii inadanganya watu, kwa sababu mkononi inaonekana hendibreki ni kali. Nguvu yako inaliwa njiani au inafika kwenye shuu zisizoweza kushika.

Anza na maji. Ukitoka kuosha gari au kuvuka kijito, dramu ikiwa imelowa shuu huteleza. Ikikauka, inarudi. Kama tatizo lipo hata jua likiwaka, endelea.

Waya ulioshikwa na kutu ndani ya ganda lake ndio wa kwanza kushukiwa. Barabara za vumbi na tope jekundu kutoka Chunya, Makete au vijiji vya Rungwe zinachubua mpira wa ganda, maji yanaingia, na mvua zetu zinaanza Novemba na kwenda mpaka Aprili au Mei. Mpe mtu avute mkono wakati wewe uko chini na tochi, gari likiwa kwenye stendi. Waya upande wa mkono unasogea na upande wa tairi hausogei? Badilisha waya. Kumwagia oili kunasaidia wiki mbili tatu, kisha unarudi palepale.

Kisha shuu zenyewe: uso umeng'aa kama kioo, au dramu imeota kutu kwa ndani kwa sababu hendibreki haikutumika muda mrefu. Hapa msasa mwepesi kwenye lainingi na kwenye dramu unatosha, ukifuatiwa na kuzizoesha upya kama nitakavyoeleza chini.

Cha tatu ni oili ya difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma, na hiki ndicho kinachonifanya niandike sehemu hii kwa mkazo. Prado na Land Cruiser zina ekseli nzima nyuma, na oili ya difu inazuiwa na sili tu, pete ya mpira, isiingie kwenye breki. Sili ikichoka, oili inatiririka taratibu ndani ya bati la nyuma na kutua kwenye shuu. Ukitoa diski utaona mwenyewe: vumbi la breki, ambalo linatakiwa kuwa kavu na la kijivu, limekuwa ugali mweusi unaonata, lainingi ina rangi ya chokoleti, na harufu ni ile nzito ya oili ya gia inayokaa kwenye vidole hata ukinawa. Mara nyingi kwa nje, sehemu ya chini ya bati na upande wa ndani wa tairi kuna mstari wa unyevu ulioganda vumbi. Mstari huo ukiuona, usisubiri.

Shuu iliyolowa oili haisafishiki. Watu wanaichemsha, wanaichoma kwa moto, wanaipiga msasa. Oili imo ndani ya lainingi na joto likipanda inatoka tena. Badilisha, lakini baada ya kutibu sili, vinginevyo unatupa hela. Kabla ya kulaumu sili, angalia pia kipumulio cha ekseli, kile kikofia kidogo juu ya ekseli au kwenye mpira unaopanda kutoka hapo. Kikizibwa na tope, hewa ya moto ndani ya difu haina pa kutokea na inasukuma oili ipite kwenye sili. Sili mpya na kipumulio kilichoziba ni kazi utakayoirudia.

Simama hapa kama hujawahi kutoa ekseli. Kwa magari haya beringi ya nyuma imeingizwa kwenye ekseli kwa mashine ya kukandamiza, na kuitoa kwa nyundo kunaiharibu. Peleka kwa fundi mwenye presi. Na kama oili imefika kwenye pedi na uso wa nje wa diski, gari lisiteremke mlima wowote mpaka litengenezwe. Hapo si hendibreki tena, ni breki yenyewe.

## Upande mmoja unashika, mwingine hapana

Rahisi. Adjasta mbili hazijalingana, ndicho chanzo mara nyingi. Rekebisha pande zote mbili kwa idadi ileile ya meno. Bado? Waya wa upande huo umekwama, au shuu za upande huo zimelowa oili. Usijaribu kusawazisha kwa kukaza waya zaidi, maana utaufanya upande ulio mzima ulike na kuungua wakati upande mgonjwa ukiendelea kulala.

## Tairi la nyuma lina joto, harufu ya kuungua, gari zito

Ukisimama baada ya safari ya kawaida, sogeza kiganja karibu na rimu za nyuma bila kugusa. Linganisha kushoto na kulia. Moja likikuchoma kwa mbali na lingine ni vuguvugu, kuna kinachobana.

Jiulize kwanza kama hendibreki iliachiwa yote. Halafu kama kuna mtu alikaza waya hivi karibuni. Hizo mbili zinamaliza kesi nyingi. Zikishindikana, shuku waya usiorudi: vuta, achia, angalia chini kama ule mkono mdogo unaoingia nyuma ya bati umerudi mpaka mwisho. Ukiusukuma kwa bisibisi ukarudi na tairi likaachia, waya au mkono huo una kutu. Mkono wenyewe unasafishwa na kupakwa grisi ya kuvumilia joto, waya unabadilishwa.

Tofautisha na kalipa iliyokwama. Tairi likiwa juu na linabana, legeza nati ya waya kabisa. Likiachia, ni hendibreki. Likiendelea kubana, tatizo ni pistoni ya kalipa, pini zake, au mpira wa breki ulioziba ndani.

Kuna na lile la gari kukaa siku nyingi limevutwa hendibreki baada ya kuoshwa au kunyeshewa: shuu zinashikana na dramu kwa kutu. Unapotaka kuondoka nyuma inazama kidogo na gari haliendi. Usikanyage moto kwa hasira, lainingi inaweza kubanduka. Nenda mbele na nyuma kidogo kidogo, au toa tairi ugonge diski kwa nyundo ya mpira. Gari litakalolala wiki nzima, liegeshe tambarare, gia ya kwanza au P, kabari kwenye tairi, hendibreki iachwe.

Rimu ikitoa moshi, simama mahali salama, usimwagie maji ya baridi. Diski yenye moto mkali ikipigwa na maji inaweza kupinda au kupasuka. Acha ipoe yenyewe, kisha mwite fundi au legeza nati ya waya uende polepole mpaka gereji iliyo karibu. Joto kali likifika kwenye beringi linayeyusha grisi yake.

## Kelele: kukwaruza, kugonga, kitu kinacheza

Kokoto kati ya bati na diski ndiyo ya kwanza, na kwa barabara zetu ni karibu jambo la kawaida. Sauti kali ya chuma inayokuja na kuondoka, inabadilika ukirudi nyuma. Mara nyingi kulisukuma bati kidogo kwa bisibisi kunaitoa.

Ikiwa ni mlio wa kitu kinachozunguka ndani, kinagonga kila duru, shuku springi iliyokatika au pini ya kushikilia shuu iliyooza. Au lainingi iliyobanduka. Lainingi imegundishwa kwa gundi kwenye chuma cha shuu; kutu likiingia kati yake, gundi inaachia na kipande kizima kinabaki kinaelea ndani ya dramu. Mara nyingi unaikuta lainingi yenyewe bado nene, haijaisha hata nusu. Kipande hicho kikijikunja kati ya shuu na dramu, tairi linaweza kujifunga ghafla ukiwa mwendo.

Kelele ya namna hii, usisafiri nayo. Si ya kusubiri mwisho wa mwezi, na si gari la kupitisha kwenye miteremko ya Kitonga au Iwambi.

## Taa ya hendibreki haizimi

Mkono umeachiwa na taa inawaka: angalia mafuta ya breki kwanza. Kwa magari mengi taa ni hiyohiyo moja. Mafuta yakiwa chini, ama pedi zimeisha ama kuna panapovuja. Kama panavuja, gari halitembei. Mafuta yakiwa sawa, ni swichi ndogo iliyo chini ya mkono, imesogea au imejaa vumbi.

## Otomatiki inagonga ukitoa P mlimani

Hii watu huipeleka kwa fundi wa gia boksi. P ni kipande kidogo cha chuma kinachoingia kwenye jino ndani ya gia boksi. Ukisimama mlimani ukaweka P kisha ukaachia breki, uzito wote wa gari unakilalia hicho. Ukiwa na hendibreki nzima, utaratibu ni huu: kanyaga breki, weka N, vuta hendibreki, achia mguu taratibu gari lilalie hendibreki, kisha weka P. Kugonga huko kukiisha, gia boksi haikuwa na shida.

## Shuu lazima zibadilishwe: diski inagoma kutoka

Umeshafikia uamuzi. Nunua shuu nne, za pande zote mbili, pamoja na springi na pini zake. Dukani, iwe Mwanjelwa pale Mbeya au kwingineko, nenda na ya zamani mkononi. Linganisha upana, urefu wa upinde, na matundu ya springi moja moja. Pitisha ukucha ukingoni mwa lainingi. Ukiingia kati ya lainingi na chuma, rudisha hiyo shuu.

Fungua kalipa pamoja na mhimili wake, kwa Toyota nyingi bolti mbili za namba 17 kwa nyuma. Ifunge kwa waya kwenye springi ya gari. Isining'inie kwa mpira wake wa breki, na mtu asikanyage breki wakati huo. Diski ikigoma, mara nyingi shuu zimechimba dramu na kubaki na ukingo wa kutu unaozishika. Rudisha adjasta nyuma kupitia lile tundu. Kisha tafuta matundu mawili yenye nyuzi usoni mwa diski. Kwa magari mengi ya Kijapani ni bolti ya milimita 8. Kaza bolti mbili kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu kule, na diski itasukumwa nje. Kupiga nyundo nzito pembeni kunaumiza beringi na kunaweza kupasua diski.

Fungua upande mmoja tu kwanza. Upande wa pili ubaki ulivyo ili uwe kielelezo chako, na piga picha kwa simu kabla hujagusa springi. Vaa miwani. Springi za kurudishia zinavutwa kwa plaizi na zikichomoka zinaruka kwa kasi. Zile za kushikilia shuu unabonyeza na kuzungusha robo ili pini itoke. Adjasta za kushoto na kulia zisichanganywe.

Bati la nyuma lina vituta vidogo ambavyo shuu zinavilalia. Vikiwa vimechimbika, shuu inanasa hapo na hairudi. Safisha, paka grisi ya joto nyembamba sana juu ya vituta na kwenye nyuzi za adjasta. Lainingi isiguswe na mikono yenye grisi. Pima dramu kwa ndani: kipimo cha mwisho kimeandikwa kwenye chuma chenyewe, na kwa kawaida ni milimita 1 tu zaidi ya kipimo cha dramu mpya. Ikizidi, nunua diski.

Mpe fundi kazi kama bolti za kalipa zinazunguka bila kukaza, kama bati la nyuma limeoza kiasi kwamba pini haishiki, au kama ukimaliza umebaki na springi usiyojua inakaa wapi.

## Shuu mpya, na hendibreki ni dhaifu kuliko ya zamani

Lalamiko hili huja siku ileile au kesho yake. Kwanza, shuu mpya na dramu ya zamani hazijazoeana. Zinagusana sehemu chache tu. Toyota wanaelekeza hivi: kwenye barabara kavu, tambarare na salama, endesha kama kilomita 50 kwa saa, bonyeza kitufe cha mkono kikae kimebonyezwa, vuta kwa nguvu ya kilo 9 hivi, uende mita 400. Rudia mara 2 au 3, ukiacha zipoe katikati. Subaru wao ni mwendo wa kilomita 35 kwa saa na mita 200. Tafuta barabara isiyo na watu. Barabara kuu ya TANZAM na malori yake si mahali pa kazi hii. Kwa hendibreki ya mguu mpe fundi aifanye, kwa sababu kuiachia haraka kunahitaji uzoefu.

Ukimaliza kuzizoesha, rekebisha adjasta tena, maana zimelika kidogo.

Bado dhaifu? Fungua uangalie: shuu ya mbele na ya nyuma hazikubadilishana nafasi? Kile kipande kati ya mkono mdogo na shuu kimeingia kwenye mfereji wake? Waya haukubaki umelegezwa tangu ulipoanza kazi? Na kama shuu ni za bei ya kutupa, upinde wake unaweza usilingane na dramu. Kwenye lainingi utaona alama ya kugusa katikati tu, ncha zote mbili zikiwa na rangi mpya.

Kipimo cha mwisho kifanyike kwenye mlima wa kawaida, bila mtu wala gari mbele au nyuma. Vuta hendibreki, weka gia huru, legeza breki ya mguu taratibu, mguu ukae juu ya pedali. Gari lisimame kichwa kikiwa juu, kisha ligeuze lisimame kichwa kikiwa chini, kwa sababu shuu zikikosewa zinaweza kushika upande mmoja na kuachia mwingine. Likishika pande zote, rudi polepole, sogeza kiganja karibu na rimu uone kama zina joto, na baada ya kilomita 100 hivi kaza tena nati za tairi ulizofungua.